Dari ya Mama Nekesa

Hapa kwetu Kibomet, mjini Kitale, niliambiwa kwamba Mama Nekesa, jirani wa chini, hurushia dari yake maji kwa bomba la kunyunyizia mahindi dawa, ati mpangaji wa juu afukuzwe, shemeji yake ahamie. Mpangaji wa juu ni mimi. Pamoja na cheti changu cha masomo ya jioni, niliamini yote.

Ushahidi si nilikuwa nao? Dari ililowa wikendi tu, nikiwa Bungoma kwa wakwe. Na bomba lenyewe nililiona limeegemea ukuta wake, limenyamaza kama mwizi.

Jumapili nilirudi nikampata Mama Nekesa mlangoni pangu na mwenye nyumba. Godoro la mama lilikuwa limelowa hadi ungefuga samaki humo.

"Mwenye makosa anahama leo," mwenye nyumba akasema.

"Basi mama ahame! Mimi sikuwa hata Kitale!"

Nikafungua mlango kwa madaha. Maji yakatoka kutupokea.

Mama Nekesa akanyoosha kidole jikoni kwangu. "Baba Wafula, maji yakipotea huwa unaacha mfereji wazi ndio usikie yakirudi. Si uufunge ukienda Bungoma, bana?"