Kikombe cha Neema

Ukitaka cheka, lakini haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, hapahapa Bredäng, mtaani kwetu huku ughaibuni, mezani kwangu, tena mchana.

Nilinunua picha ya kuchorwa kwenye soko la mitumba, inaonyesha meza ya Kiholanzi ya zamani. Mkate uliomegwa, samaki, glasi ya mvinyo, limau lililomenywa nusu, ganda likining'inia. Chakula kizuri, ila mtu hakuna, utadhani kainuka sasa hivi. Nikaitundika jikoni.

Jumamosi moja nilikuwa nakula wali na maharage na binti yangu Neema, wa miaka sita. Si unajua tulivyolelewa? Huwezi kula bila kumkaribisha mtu. Nikaitazama ile meza isiyo na mwenyewe, nikatania, "Karibu, tule."

Mlango ukagongwa.

Alikuwa mama wa Kizungu, kola nyeupe pana, mikono inanukia limau. Akanipita, akaketi, akala kimya. Ningemfukuzaje mgeni niliyemwita mwenyewe? Nikainua macho ukutani. Limau lilikuwa limemenywa lote.

Alipomaliza akamgeukia Neema, akamwuliza kwa Kiswidi, "Na wewe utakuja kula kwangu?"

Mwanangu, na adabu zake za shule, akajibu, "Ja, tack!" Ndiyo, asante.

"Hapana, mama, haji," nikadakia.

"Ameshakubali," akasema, akatoka. Sikusikia hatua wala lifti.

Pichani sasa palikuwa na sahani ya pili, ndogo. Kando yake kikombe cha bluu cha Neema, kilekile kilichomeguka ukingoni. Kabatini hakikuwepo.

Woga ulininyima akili. Nikaibeba ile picha hadi chumba cha taka, nikaitupa. Baadaye nikaona heri niichome. Niliporudi, mtu alikuwa ameshaichukua.

Siku hizi Neema hamalizi chakula. Anaweka kijiko chini, anatazama mlango. "Mamma, ska vi inte gå?" Eti, mama, hatuendi? Namshika mkono mpaka wali unapoa. Naogopa, ndugu yangu, mpaka leo naogopa.

Picha hiyo iko ukutani kwa mtu. Ukiona kikombe cha bluu juu ya meza hiyo, nakusihi, kula kimya. Usiseme karibu, asije akainuka tena. Nafasi iliyobaki pale ni ya mwanangu.