Kikohozi cha Mkamwana

Baba mkwe wangu alikuwa na ugonjwa wa Pakinsoni, na mimi, mke wa mwanawe, nilikatazwa hata kumtazama. Haya mawili yalipokutana, nyumba nzima ilipata kazi.

Nilitoka Iringa, kwa Wahehe. Kwetu mkwe unampigia magoti, unamwamkia, yamekwisha. Nilipoolewa kwa Wanyakyusa, nje kidogo ya mji wa Mbeya, miaka ya hamsini, niliambiwa mkamwana na baba mkwe hawakutani, hawasemezani, hawapishani njiani. Nikisikia kikohozi chake, najitupa migombani. Kanga zangu zote zilijaa tope.

Mzee alitetemeka mikono, lakini kilichomtesa hasa ni miguu. Akifika mlangoni inagoma, utadhani imepigiliwa misumari. Nesi wa misheni alimfundisha mazoezi: ainue magoti, avuke vijiti vilivyolazwa sakafuni, atembee kwa kufuata mdundo. Mama mkwe akachukua debe, akawa analipiga asubuhi na jioni. Mzee alitembea vizuri, ila majirani walianza kuja kuuliza pombe iko wapi.

Alikuwa na sababu ya kujitesa. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa kanisani, na mzee aliapa atampeleka mwenyewe mpaka mbele ya mchungaji.

"Mkinibeba kama gunia la viazi," alisema, "siendi."

Siku moja natoka mtoni na ndoo kichwani, nakata kona, huyo hapo! Miguu imemgomea katikati ya njia. Huku mtaro, huku ua wa miiba. Nikimbilie wapi na ndoo? Nikafumba macho. Nikasikia vishindo. Mzee, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama pale pale, alitoka mbio kunipisha!

Mama mkwe aliyaona yote. Debe likarudi jikoni. Tangu hapo mzee akikwama, utasikia, "Mkamwana! Hebu pita nyuma yake ukohoe!" Iliniudhi, sifichi. Mtu nimesoma mpaka darasa la nne, nageuzwa kitisho cha wazee! Lakini nilikohoa.

Siku ya harusi, mzee akakwama kwenye mlango wa kanisa, binti kamshika mkono. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaurudia. Vijana wawili wakaanza kusogea ili wambebe. Mimi nilikuwa nje, nimejificha nyuma ya akina mama, nikachungulia. Makosa hayo nilishayazoea. Shingo ya mzee ilikuwa imelowa jasho, na binti alikuwa anamnong'oneza, "Baba, twende. Baba." Roho iliniuma.

Mama mkwe akanisukuma.

Nikakohoa kikohozi cha kifaduro. Mzee akaondoka! Shida ni kwamba miguu ile ikishashika moto, kuisimamisha nako ni kazi. Akampita bwana harusi, akampita mchungaji, shela inapepea nyuma, wakatokea mlango wa pembeni. Kanisa likaangua kicheko, na mzee ndiye aliyecheka zaidi. Wakarudi taratibu, ndoa ikafungwa.

Jioni nikiwa jikoni, mama mkwe akaniletea bakuli la nyama, minofu iliyotengwa kwa ajili ya wazee wa kiume.

"Mzee anasema leo kampeleka binti mmoja," akaniambia, "na yeye kapelekwa na binti mwingine. Hii ni yako."

Nililia mpaka mama mkwe akanikumbusha kwamba kuna wageni hawajala.