Ukionewa, Omba Maji Mapya

Siku ile naiona mbele ya macho yangu hata sasa, mwanangu Ngoie, maana ndiyo siku niliyomsimamisha baba yangu mzazi mbele ya watu. Sogeza hiyo ndoo, ukae. Mama yako ameniambia kwamba kesho samaki wako atabaki bwawani, hutampeleka kwenye mashindano, eti kwa sababu mwamuzi ni mimi bibi yako, na watu wa hapa Kamina watasema tumepeana ushindi jikoni. Ala! Watu wa Kamina ndio waliomfuga? Ndio waliokuwa wakimbadilishia maji asubuhi za baridi? Nisikilize kwanza. Ukitaka kunijibu, utanijibu nikimaliza.

Nilikuwa msichana wa umri wako. Tulikaa kwenye nyumba za reli, baba yangu akiwa fundi wa injini. Mhandisi mmoja mzungu aliporudi kwao aliacha bwawa la saruji lenye koi, hawa hawa samaki wa mapambo, weupe wenye madoa mekundu, na familia za reli zikawagawana. Watu walitucheka, weee! Samaki kwao ni yule anayekuja na treni kutoka Bukama, amekaushwa kwa moshi, unamla na bukari, ugali wetu. Nyanya yangu alikuja kututembelea kutoka kijijini, akainama juu ya bwawa letu, akauliza, "Hii samaki, tutakula siku gani?" Nikamwambia haliwi, anaangaliwa tu. Alinihurumia siku nzima.

Kila kiangazi tulikutana uani nyuma ya ukumbi wa wafanyakazi, kila mtu na samaki wake ndani ya beseni lililopakwa rangi ya buluu, kwa sababu juu ya buluu weupe hauwezi kudanganya. Wenye samaki walisimama wakiyapa mabeseni mgongo, ili mwamuzi asione uso wa mtu unaomwomba. Yeye aliinama akatazama kutoka juu. Kwanza mwili, halafu ngozi, na maua mwisho. Maua ndiyo jina letu la yale madoa. Mgeni huanzia kwenye maua, ndiyo maana hununua samaki mwenye mgongo uliopinda. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka ule mshindi angepewa mama-samaki, yule jike mkubwa wa bwawa la mhandisi, ambaye hakugawiwa mtu. Elewa maana yake. Atakayempata yeye amepata mayai yake, na watoto wazuri wote wa miaka ijayo watatoka kwenye bwawa lake. Nilimtaka mpaka chakula kikanishinda.

Na nilikuwa na samaki wa kumpata. Nilimwita Pemba, jina letu la chokaa nyeupe, kwa ule weupe wake. Alipokuwa mdogo kama ukucha wenzangu waliniambia nimtupe, hana rangi, nami nikaona mifupa yake imenyooka, nikambakiza. Rangi ilikuja baadaye, doa moja kichwani na mawili mgongoni, kingo zake safi. Siku chache kabla ya mashindano nikamnyima chakula, maana samaki aliyeshiba huchafua maji ya safari na kuugua. Nyanya hakukubali kabisa. "Mugeni hawezi kwenda safari na njala!" Nilimkamata kando ya bwawa na donge la bukari kwenye ngumi. Tulicheka wote wawili, lakini nililala mlango wazi nimlinde Pemba na upendo wa nyanya.

Mwamuzi alikuwa baba. Watu walimchagua wenyewe, kwa kuwa alijua samaki na hakuwa mtu wa kuhongwa.

Asubuhi ile niliyapa mabeseni mgongo kama wengine, lakini masikio yangu yalikuwa nyuma. Nikasikia viatu vya baba vikisimama sana kwenye beseni la Papa Donati, jirani yetu mzee aliyestaafu kazi ya kutengeneza njia ya treni. Kwenye beseni langu vilipita tu. Vilipita, mwanangu! Kisha akatangaza, "Ya kwanza, samaki ya Papa Donati. Ya pili, ya mutoto yangu."

Tukageuka. Samaki wa Papa Donati aling'aa kweli, wekundu wake ulikuwa wa ajabu, lakini karibu na mkia mgongo ulipinda. Kidogo tu, ila ulipinda, na baba ndiye aliyenifundisha kuuona mgongo wa namna hiyo. Watu wakapiga makofi. Mmoja akamsifu mwamuzi kwa sauti, "Njo juge ya kweli! Hata mutoto yake hakumupendelea!" Baba akaiweka sawa kofia yake, na nikaona kwamba lile neno limemwingia tamu. Moyo wangu uliwaka. Nilimpenda baba yangu, na dakika ile nilimkasirikia kuliko mtu yeyote duniani.

Sasa, kulikuwa na haki moja, na ipo mpaka leo. Mwenye samaki akiona ameonewa, anaomba maji mapya. Beseni jingine linajazwa, samaki wote wawili wanahamishiwa humo, mwamuzi anaangalia upya. Ila anayemimina yale maji ni yule aliyepewa nafasi ya kwanza. Akikataa, neno limekwisha. Hakuna mtoto aliyewahi kumwomba mzazi wake maji mapya.

"Baba, minyi naomba maji mupya."

Baba akanisogelea, akasema chini chini, "Weye iko mutoto yangu. Rudia ku nyumba."

"Ku nyumba minyi iko mutoto yako," nikamjibu. "Hapa minyi iko mwenye samaki."

Mdomo haukutetemeka. Usiniulize ujasiri niliutoa wapi.

Watu wote wakamgeukia Papa Donati. Yule mzee naye alimtaka mama-samaki. Alikuwa amekwisha kumchimbia bwawa. Alichotakiwa kufanya ni kuacha mikono mfukoni tu. Akaitoa. Akachukua ndoo, akamimina taratibu bila kumwaga hata tone, halafu akamwambia baba kwa heshima, "Tata, ulipenda bantu baseme weye iko muzuri. Ile sifa, nani analipa? Mutoto yako njo analipa. Sasa angalia samaki. Bantu utabaangalia kesho ku kanisa."

Baba akavua kofia. Akainama juu ya beseni, akakaa hapo muda mrefu mpaka watoto wakaanza kuchoka. Aliposimama, sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Nilikosea. Ya kwanza njo hii ya mutoto yangu."

Wapo walionung'unika, na mama mmoja aliondoka akisema mambo nisiyotaka kukurudia. Aliyeanza kupiga makofi ni Papa Donati. Jioni alimleta mama-samaki mwenyewe, akamwachia polepole kwenye bwawa letu. Baba alikuwa amebeba beseni la Pemba njia nzima. Mlangoni akaliweka chini, akaniambia, "Wafwako, mutoto." Baba yangu kunishukuru mimi! Nililia kwa furaha, sioni haya kukuambia.

Samaki wako, Ngoie, ni wa ukoo wa yule mama-samaki. Sasa unataka kumficha kwa ajili ya midomo ya watu? Mficha uchi hazai. Kumpendelea wako ni dhuluma, na kumshusha wako ili usifiwe ni dhuluma pia, hata ukiivalisha nguo za kanisani. Nawe kujishusha mwenyewe kabla hujaangaliwa, hiyo ni dhuluma unayojifanyia kwa mikono yako.

Kwa hiyo kesho utampeleka. Utageuka mgongo, nami nitainama. Mgongo wake ni mzuri, lakini wekundu wa bega la kushoto ni mwepesi, na nitauona, kwa hiyo usinizidishie sukari kwenye chai leo. Akiwa wa kwanza ni wa kwanza, akiwa wa tatu utambeba urudi naye nyumbani kichwa juu. Ila ukiona niliangalia watu badala ya samaki, omba maji mapya. Nitakasirika, mimi ni mzee na hasira zangu unazijua. Omba tu.

Na siku utakayokuwa wa kwanza wewe, mwenzako akaomba maji mapya, usiache mikono mfukoni. Chukua ndoo, umimine.

Vidye, Mungu wetu, akunyooshee mgongo, mwanangu. Akupe macho ya kuona haki ya mwenzako na mdomo wa kudai yako, na bwawa lako lisikauke mpaka wajukuu wako wainamie humo. Haya, nenda ukaoshe beseni. Na usimlishe!