Tulimtuma Yaya Kwenye Mkutano wa Wazazi

Shule ya binti yangu ilipenda mikutano kuliko kanisa letu, na kanisa letu linapenda mikutano sana. Ni shule ya serikali, kwenye mteremko chini ya mtaa wetu wa Berea, hapa Durban, na sheria inaidai iwaite wazazi kwa kila jambo. Bajeti ikijadiliwa, wazazi wawepo. Kamati ikichaguliwa, wazazi wawepo, na wasipofika wa kutosha kikao kinaahirishwa na ujumbe unaingia upya kwenye simu. Mtoto akikaribia kurudishwa darasa, mzazi lazima aitwe, aambiwe na asikilizwe. Mimi niliona ni kusumbuana tu. Nimwache mteja saluni na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, niende kusikiliza habari za bomba la choo?

Mama yangu, kule Bukavu, alifika shuleni kwetu mara moja tu, siku niliyomchapa mwenzangu kwa rula. Mzazi aliitwa kwa kosa. Aliyekwenda bila kuitwa alionekana anataka kumfundisha mwalimu kazi yake, na watu walimsema. Ukishampeleka mtoto shule umempeleka, yanayobaki ni ya mwalimu. Nimelelewa na adabu hiyo, na nilivuka nayo mipaka yote mpaka Durban.

Fleti tuliyopanga ilikuwa na familia nne, Wakongo na Warundi, kila moja na chumba chake na jiko la wote. Sote tulikuwa watu wa kazi za jioni: saluni, duka la simu, ulinzi. Kwa hiyo tukafanya kama tunavyofanya kanisani, ambako kila kikundi cha sala hutuma mjumbe mmoja kwenye kikao kikubwa, naye anarudi na habari. Tukamtuma Yaya.

Kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa kuajiriwa. Hatukuwa ndugu wa damu. Tulijuana hapa hapa, tukapatana, nikamwita hivyo na nyumba nzima ikafuata. Ni mwanamke wa Uvira, mtu mzima, mpole mpaka wakati mwingine ananiudhi. Alishona nguo chumbani kwake, kwa hiyo muda wake ulikuwa mikononi mwake, na Kiingereza chake kilinyooka kuliko cha sisi wengine wote. Watoto wake wawili walibaki kwa bibi yao wakati wa kukimbia vita. Wamekulia huko, na sasa ni watu wazima anaowajua kwa simu. Jambo hilo hatukuwa tunaliongelea.

Siku ya mkutano Yaya alivaa kitenge cha Jumapili, akafunga kilemba, akashuka ngazi akiwa mzazi wa watoto wote wa fleti. Akirudi tulimzunguka jikoni naye akatoa ripoti, mtoto mmoja baada ya mwingine, bila kuongeza chumvi.

"Wa kwako," aliniambia kila muhula, "mwalimu anasema ametulia. Hasemi kabisa. Hasumbui mutu."

Nilivimba kichwa. Mtoto wa gredi ya tatu, ametulia, katika mji ambao watoto wanamjibu mwalimu kama abiria anayegombea chenji kwenye teksi. Muhula wa pili nilimkaangia Yaya samaki mzima kwa habari hiyo, nikampigia mama Bukavu kumwambia kwamba mjukuu wake ana adabu. Mama alifurahi, akasema bila shaka ametoka kwake.

Mwaka wa shule huku unaisha Desemba. Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja nilirudi kutoka saluni, kule Umbilo Road, vidole vimekufa ganzi kwa rasta za siku nzima. Yaya alikuwa jikoni peke yake, anakoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na nikaona ananisubiri.

"Leo baliniita juu ya mutoto wako," alisema. "Mwalimu anasema atarudia gredi ya tatu, akomae kidogo. Ameniuliza kama tunakubali."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo, madam, aksanti."

"Yaya. Ulikubali?"

"Sasa ningesema nini? Ni mwalimu."

Akanieleza sababu aliyopewa. Tangu mwaka uanze binti yangu hakuwa amesoma kwa sauti darasani hata sentensi moja. Akisimamishwa anatazama sakafu. Mwalimu hakujua kama anaweza kusoma ama hawezi.

Damu ilinipanda. Hawezi kusoma? Kila jioni nikipanda ngazi namsikia jikoni anasoma kitabu cha maktaba, sauti inafika mpaka kwenye korido. Nikifungua mlango ananyamaza, anakuja kunipokea mfuko. Nilidhani ni heshima.

"Weye haukumuzaa," nilimwambia Yaya. "Haukuwa na ruhusa ya kukubali. Weye si muzazi wake."

Alipunguza moto chini ya sufuria. "Ni kweli," alisema, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Sikumfuata. Hasira yangu ikishakaa haiondoki haraka, na usiku ule niliipa nafasi yote iliyoitaka.

Asubuhi nilimwomba ruhusa mwenye saluni, nikaenda shuleni na binti yangu. Tuliposimama kwenye roboti, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, kungoja igeuke, alinishika mkono, jambo ambalo alikuwa ameshaacha kulifanya.

Mwalimu wake alikuwa mama wa Kihindi anayekaa mtaa wa Sydenham, wa rika langu, mwenye macho ya mtu aliyelala na madaftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilipanga Kiingereza changu kichwani tangu nyumbani, maneno yote makali yakiwa mbele.

"Wewe ni nani kwake?" aliniuliza.

"Mama yake."

Aliangalia mlangoni, kama anayemtafuta mwingine. "Na yule mama anayekuja siku zote?"

Nilimweleza kuhusu fleti, kazi zetu na mjumbe. Nilitegemea acheke ama akasirike, lakini alivua miwani akajisugua macho. "Mwaka mzima namwambia mama yake kwamba mtoto hasemi," alisema. "Nilifikiri labda kuna jambo baya nyumbani. Nikimwambia, ananishukuru kwa tabasamu. Nikawa najiuliza, huyu mzazi hajali?"

Maneno yangu makali yaliniishia pale pale. Yaya alifikisha habari ile kama alivyopewa, bila kupunguza kitu. Sisi jikoni ndio tuliopokea kilio cha mwalimu tukakipigia makofi, nami nikakikaangia samaki. Nikamwambia mwalimu kwamba kwetu mtoto akisifiwa kuwa ametulia, mzazi hana la kuuliza zaidi.

"Mimi mtoto akinyamaza hivyo, silali," alisema.

Kisha akaniambia nisilolijua. Mwanzoni mwa mwaka wenzake darasani waliicheka lafudhi ya binti yangu alipojaribu kusoma maneno ya kwanza tu. Mwalimu aliwakemea, wakaacha, lakini sauti ya mtoto haikurudi. Mimi sikuwa nimesikia lolote. Nilitaka kuuliza kwa nini mtoto hakuniambia, halafu nikajiuliza angeniambia saa ngapi. Asubuhi nakimbia, jioni nimeishiwa, Jumamosi ndiyo siku kubwa ya vichwa.

"Anasoma," nilimwambia mwalimu. "Namsikia kila siku. Mwite asome mbele yako."

Alikubali upesi, na niliona kwamba yeye mwenyewe alitamani iwe hivyo. Lakini alinieleza wazi: matokeo yalikuwa yanafungwa wiki ile, na hawezi kumpandisha mtoto kwa jambo aliloambiwa. Lazima amsikie mwenyewe.

Binti yangu aliingia, akapewa kitabu. "Soma, mama," nilimwambia, jinsi tunavyowaita mabinti zetu tukiwabembeleza. Kimya. Nikarudia. Alikifungua, akakitazama tu. Basi nikatumia ile sauti yangu nyingine, ya ukali, na machozi yakaanguka kwenye ukurasa.

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Nini kitakusaidia?" alimuuliza.

Hakumjibu yeye. Alinijibu mimi, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, macho chini.

"Nasomeaka Yaya. Nikikwama, ananingoja."

Nimesemwa sana katika maisha yangu, na watu wenye midomo mirefu, lakini sijawahi kusemwa kama siku ile. Mtoto hakuwa ananilaumu. Alikuwa ameulizwa swali na akalijibu. Mwalimu aliomba nimtafsirie, nikamtafsiria. Akanipa mpaka mapumziko ya saa nne nimlete Yaya.

Nilipanda ule mlima wa kurudi Berea kama nafukuzwa. Yaya alikuwa kwenye cherehani, kitambaa cha mteja chini ya sindano.

"Yaya, mutoto anakutaka shuleni."

Mguu ulisimama. "Eko mugonjwa?"

"Apana. Anatakiwa kusoma mbele ya mwalimu, hasomi. Anakutaka weye. Mimi sifai."

Alimalizia mshono aliokuwa ameuanza. Nilitamani anifokee, tumalizane. "Jana nilikusema vibaya," nilimwambia. "Nilikuumiza, na nilijua pa kuumiza. Nisamehe."

"Ulisema kweli," alijibu. "Mimi sikumuzaa." Akaukata uzi kwa meno. "Twende. Mapumziko yao ni mafupi."

Alikuja na nguo ya nyumbani, nyuzi zimemng'ang'ania begani, kichwa wazi. Mlangoni mwa darasa alisita, na ikanibidi nimsukume mgongoni. Tuliketi kwenye viti vidogo vya wanafunzi. Binti yangu alitoka alipokuwa amesimama, akaja akaegemea goti la Yaya, akafungua kitabu.

Sauti ilianza kama ya mbu. Mwalimu aliinama ili aisikie. Ukurasa wa pili mtoto alifika kwenye neno refu akakwama, na mimi nikafungua mdomo kumtajia. Yaya aliniwekea mkono kwenye paja, bila kuniangalia. Tukangoja. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za mpira. Nilihisi mwili mzima unawasha kwa hamu ya kusaidia, na mkono wa Yaya haukuondoka. Binti yangu alilivunja neno vipande, akaviunga, akalisema lote, akaendelea. Baada ya hapo sauti ilipanda kidogo kidogo mpaka ikawa ile ninayoisikia nikiwa kwenye ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia nikiwa naye chumba kimoja.

Alisoma mpaka mwisho wa hadithi. Mwalimu alikuwa ameshaweka kalamu chini.

"Atapanda gredi ya nne," alisema. "Nimemsikia."

Nililia, sikuona haya. Binti yangu alinitazama kwa wasiwasi, akamuuliza Yaya chini chini kama nimekasirika, na Yaya akamwambia apana, amefurahi, mama yako iko vile.

Mtoto alipokimbilia kwa wenzake, mwalimu akatugeukia. Alisema Januari kutakuwa na mkutano wa wazazi wa gredi ya nne, na kwa mtoto huyu mzazi lazima aje, asikose, maana sauti iliyorudi leo inaweza kupotea tena. Akauliza ni nani kati yetu atakayekuja.

Yaya alijibu kabla yangu, kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Mama yake, madam. Mimi nimemsindikiza tu."

Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonichoma. Nikamwambia mwalimu kwamba mimi nitakuja, saluni itajua yenyewe, lakini sitakuja peke yangu. Huyu ndiye anayemsikiliza. Nikauliza kama shule inaruhusu wawili.

Mwalimu akasema sheria haina shida na hilo. Mtu anayebeba masomo ya mtoto kila siku, hata kama hakumzaa, naye anatambuliwa kuwa mzazi.

Yaya aliinamisha kichwa, akaanza kuondoa nyuzi begani, mmoja mmoja. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, yeye ambaye alituletea Kiingereza cha shule ile mwaka mzima:

"Amesema nini?"

"Amesema weye ni muzazi wake," nilimwambia.