Brauza Mbili za Coleta na Kitufe Kisichoonekana

Kitufe cha kutuma fomu hakionekani.

Ni saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa ya mwisho ya Juni 2008, na saa kumi jioni chuo kimoja cha uuguzi kinafunga kupokea maombi. Rahel Bundala, miaka ishirini na mmoja, ameketi mbele ya kompyuta namba mbili. Amejitanda khanga juu ya koti, maana baridi ya Sumbawanga mwezi huu haina utani. Fomu imejaa, kuanzia jina mpaka mdhamini. Chini ya mdhamini ni weupe mtupu.

"Shuka tena," anasema Coleta Sichalwe.

"Nimeshuka mpaka mwisho, mama. Hakuna kitu."

"Sawa. Hifadhi hapo ulipofika, halafu toka. Njoo namba nne."

Kwenye benchi la mlangoni, baba yake Rahel, mzee Bundala, anakohoa kwa makusudi. Ni mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kijiji cha Mwimbi na ng'ombe wake miaka kumi na miwili iliyopita. "Mwaka huu muhuri upo, au umekwisha wino?" anauliza.

Watu wawili wanaosubiri zamu wanacheka. Coleta hacheki. Anajua muhuri unaosemwa ni upi.

Coleta ana miaka arobaini na sita. Duka lake la intaneti, hatua chache kutoka stendi, lina kompyuta nne na printa moja. Nusu saa ni shilingi mia tano. Mwezi mzuri, akishalipa pango, umeme na mtandao, hubaki na laki moja na nusu.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma lililonunua mahindi ya huku Ufipa. Mwaka 1996 shirika lilipunguza watu. Yeye alipewa kiinua mgongo kidogo na mashine ya chapa iliyopinda herufi ya "k". Kwa mashine hiyo alichapa barua za watu kwa miaka tisa, mpaka alipokusanya fedha za kompyuta ya kwanza.

"Mashine ya chapa haina siri," anasema. "Ukigonga a, inatoka a. Karatasi ikitoka, kazi imekwisha."

Imani hiyo ndiyo iliyomponza. Juni mwaka jana alimjazia Rahel fomu hiihii kwa brauza pekee aliyokuwa nayo, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ile ya alama ya bluu. Alipofika mwisho hakuona kitufe chochote, akadhani fomu imeshakwenda. Akaichapisha. Karatasi ikatoka safi, haina kasoro. Akaipiga muhuri wa duka, akamkabidhi mzee Bundala, naye akaifunga kwenye nailoni kama hati ya shamba.

Agosti, Jenifer, aliyesoma na Rahel, akapata barua ya kuitwa chuoni. Yeye fomu yake alikuwa ameijazia Mbeya. Rahel hakupata kitu. Mzee Bundala akapanda lori na nailoni yake, akaiweka juu ya meza ya Coleta.

"Nikamwambia tusubiri, barua huchelewa," anasema Coleta. "Nilikuwa najitetea tu. Alipoondoka nikafungua ukurasa ule kwa brauza nyingine, ya rangi ya chungwa, ambayo Frank alikuwa ameniwekea wiki hiyo. Kitufe kikanikodolea macho. Nilijisikia mwizi."

Frank Ambwene ni fundi kompyuta kutoka Mbeya, kijana mwenye maneno mengi. Asubuhi hii yumo dukani, amefungua tumbo la printa. Ndiye aliyemweleza Coleta kwamba ukurasa wa intaneti hauji ukiwa umechorwa. Yanakuja maagizo: hapa mstari, hapa picha, hapa kitufe. Kila brauza ina injini yake ndani inayoyasoma na kuchora. Ni kama kuwapelekea mafundi cherehani wawili vipimo vilevile: mmoja atakutolea suruali, mwingine atakusahaulia mfuko.

Tangu siku hiyo Coleta hagusi fomu kabla ya kuifungua kwa brauza zote mbili, na daftari lake limejaa mambo aliyoyagundua. Ukurasa wa matokeo ya mitihani: zote sawa. Fomu za ajira za ualimu: bluu tu. Fomu ya chuo hiki ina ukaidi wa pekee. Kwenye chungwa, visanduku vya tarehe ya kuzaliwa vimepandana na haviandikiki. Kwenye bluu, kitufe hakipo. Kwa hiyo inajazwa kwa moja na kutumwa kwa nyingine, kama itakubali. Jana ilimgomea mteja mmoja mara mbili.

Kompyuta namba nne, yenye brauza ya chungwa, inaufungua ukurasa taratibu. Rahel anang'ata kucha.

"Brauza zote zingetumia injini moja, yote haya yasingekuwepo," Frank anasema kutoka kwenye printa.

"Ingekuwa ile ya bluu, nani angeniambia kwamba kitufe kipo?" Coleta anamjibu. "Ningekufa najua fomu imekwenda."

"Dada, fikiri. Ingekuwa moja, hata aliyetengeneza fomu angekikosa kwake. Angekirekebisha siku hiyohiyo."

Coleta anacheka. "Hapo umenibana, mdogo wangu."

Lakini haachi. Anakumbuka shirika. Mnunuzi alikuwa mmoja, mizani moja. Mizani ikikosea, imekosea kwa Ufipa nzima, na mkulima hana pa kulinganisha. Soko lilipofunguliwa, wafanyabiashara wakaja na madebe yao.

"Madebe yamepanuliwa chini," mzee Bundala anadakia. "Unajaza moja, unampa moja na nusu! Mimi nilinunua mahindi Chala, nikauza Chala, nikapata hasara humohumo Chala."

"Sasa mzee, ungechagua lipi?" Frank anauliza. "Mnunuzi mmoja au madebe kumi?"

"Ningechagua binti yangu aende chuo."

Duka zima linacheka, Rahel pia. Coleta anaandika kitu daftarini. Baadaye anasema anachotaka ni vipimo vimoja kwa wote, mafundi wawe wengi, na pawepo mtu wa kukagua. Hajui kama huko zinakotengenezwa brauza wanafikiri hivyo. Angependa kuwauliza. Chuo amekwisha kukiandikia mara mbili, hakijajibu.

Ukurasa umefunguka. Namba ya siri inakubali. Maelezo ya Rahel yapo yote, na pembeni kabisa, kimebanwa ukingoni mwa kioo, kitufe kipo.

"Bonyeza wewe, mama," Rahel anasema.

"Mimi nilishamaliza zamu yangu mwaka jana. Bonyeza."

Rahel anabonyeza. Kioo kinakuwa cheupe. Kisha inatokea namba ya kupokelewa, tarakimu nane, na Rahel anaiandika kiganjani kwa kalamu kabla mtu hajamwambia.

Majibu ni Agosti. Coleta anapanga kununua kompyuta ya tano, iliyotumika, iwe ya kukagulia fomu tu, na mteja asilipe mpaka namba itokee. Rahel anataka kuja kufanya kazi wodi ya wazazi.

Kitufe hicho kimoja kimekwisha kumgharimu Rahel miezi kumi na miwili na safari sita za lori kati ya Mwimbi na mjini. Kimemgharimu baba yake dume mmoja, aliyeuzwa kwa ajili ya ada ambayo haikulipwa, na fedha zake zikaishia kwenye chakula. Kimemgharimu Coleta wateja kumi na mmoja wa Mwimbi ambao hawajarudi. Na Jenifer, aliyeketi na Rahel dawati moja kwa miaka minne, Septemba anaanza mwaka wa pili.