Kigae Cheupe cha Naftaly

Naftaly aliingia hospitali ya misheni karibu na Nkubu kama mwosha sufuria, mpaka daktari alipogundua kwamba ana macho makali na haharakishwi na mtu. Akamfunza kupima damu. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, kila mtu akimwogopa mwenzake, na watu wakamwita Naftaly mnyonya damu. Hakujali, maana alizaliwa mkaidi.

Asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na tano, Makandi alijifungua salama, kisha akatokwa na damu nyingi mno. Kaka yake Mithika aliletwa atoe damu, kutoka kijiji cha handaki walikofungiwa watu kwa amri ya serikali, akisindikizwa na homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, aitwaye Mbaabu, bunduki begani. Mithika akakunja mkono wa shati papo hapo.

Naftaly alichanganya tone la damu ya Mithika na maji ya damu ya Makandi juu ya kigae cheupe, akakitikisa polepole, akangoja. Damu ikakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Akasema haifai. Mithika akawaka: wao ni tumbo moja, damu itakataaje? Muuguzi naye akahimiza, kwani miguu ya mgonjwa ilikuwa inapoa. Naftaly alikataa katakata. Damu hiyo ingemuua Makandi.

Akamgeukia Mbaabu. Mbaabu akatazama pembeni. Alitumwa kulinda mtu, si kutolewa damu. Mithika naye hakutaka kusikia. Huyo ndiye aliyechoma nyumba yake walipohamishwa.

Ila Naftaly alijua jambo asilolijua daktari. Koo za Mithika na Mbaabu zilifungwa na gichiaro, udugu wa kiapo cha mababu, na ndugu wa gichiaro akikuomba kitu huwezi kumnyima. Lakini sharti aombe kwa mdomo wake. Akamkumbusha Mithika hivyo, bila kumbembeleza.

Mithika akamgeukia Mbaabu.

"Mbaabu, wewe ni wa gichiaro. Nakuomba damu, nimpe dada yangu."

Mbaabu akaegemeza bunduki ukutani.

Tone la Mbaabu, Naftaly alilitazama kwa muda mrefu kupita kawaida. Likabaki laini bila kukatika; damu ilifaa. Akaanza kukinga damu ya Mbaabu kwenye chupa.

Chupa hiyo ilipofika nusu ikimwingia Makandi, alifumbua macho, akauliza mtoto wake yuko wapi. Naftaly alimwona Mithika akitoka wodini na kumpita kila mtu mpaka kwenye benchi alikopumzishwa Mbaabu.

"Ameamka," alisema, akaketi kando yake.