Chupa ya Kihara

Ngendo alikuwa na mume ndani ya chupa. Sisemi hivyo kwa mzaha, ingawa ungemkuta asubuhi akifungua kabati la joto na kunong'ona, "Umeamkaje?" ungetafuta mlango. Alikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali moja mjini Nyeri, miaka ile ya sabini. Mwanamke nadhifu, adui wa vumbi, aliyetembea kutoka mtaa wa Ruring'u na viatu vya kubadilisha mkobani.

Mumewe, Kihara, alikuwa amejikata mguu kwa shoka. Kidonda kikaoza, na sindano za penisilini zikagonga mwamba. Mama mtu, Wachuka, akaja wodini na ganda la muthiga, mti mkali kama pilipili ambao alikuwa akitibia watu tangu ujana wake. Ngendo akamzuia mlangoni, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Maitu, hapa ni hospitali. Hiyo maganda yako rudisha nyumbani."

Kihara akafa. Hakuacha hata binti wa kurithi jina la bibi yake Wachuka, kama desturi yao.

Vijidudu vilivyomuua vilikuwa vimetolewa kwenye usaha wake vipimwe, kisha vichomwe. Ngendo hakuvichoma. Kila Ijumaa alivihamishia kwenye chupa mpya ya mchuzi wa nyama, akaandika K, akavirudisha katika kabati lenye joto la mwili wa mtu. Humo viliishi na kuzaana, rangi ya dhahabu. Wenzake walidhani K ni herufi tu. Lilikuwa jambo la kutisha, na lilimfariji.

Siku moja Moffat, mkuu wa maabara, alimletea ganda la muthiga. Wakubwa walitaka dawa za miti zichunguzwe.

"Jaribu na wale wadudu sugu wa K," alisema. "Ikiua hao, itaua chochote. Ukimaliza, choma vyote."

Ngendo aliligeuza ganda mkononi. Ganda likishindwa, basi alifanya vyema pale mlangoni. Likiweza, je?

Alilisaga, akaliloweka kwenye spiriti, akalichuja. Ili kujua kilichomo, sehemu aliitikisa na maji, povu likasimama lisishuke. Nyingine aliitia tone la dawa ya chuma, ikageuka nyeusi tii. Kisha akawapaka K kwenye sahani ya kioo, akaweka juu vipande vya karatasi vilivyochovywa: kimoja cha muthiga, kimoja cha penisilini, kimoja cha spiriti tupu. Akafunga kabati.

Kesho yake sahani ilikuwa imefunikwa na dhahabu hadi juu ya penisilini. Kuzunguka kipande cha muthiga tu palikuwa peupe, kama uwanja uliofagiliwa. Alirudia kwa sahani nyingine. Weupe ukarudi, mpana vilevile.

Hakuweza kukaa na siri hiyo peke yake. Akamwita Wachuka aje maabara.

Kikongwe alikuwa wa kizazi kisichogusa kitu cha maiti. Alisimama mbali na meza, mikono ndani ya shuka. Ngendo alimwonyesha sahani huku machozi yakimtoka.

"Maitu, dawa yako inawaua. Pengine ingemponya. Nilikufukuza."

Wachuka alitazama pale peupe kidogo tu. "Na hii ya dhahabu?"

"Ni ile ilikuwa kwa kidonda yake. Nimeiweka kwa chupa."

"Ati ilitoka kwa mwili ya mtoto yangu?"

"Ndiyo."

"Na iko hai?"

"Iko hai, Maitu. Lakini nimeambiwa nikimaliza niichome."

Wachuka alitoa mikono kwenye shuka. Akaichukua chupa ya K, iliyotoka tu kabatini, akashtuka kuikuta na joto, kisha akaibana kifuani na kuifunika. Nje, viatu vya Moffat vilisikika ukumbini.

"Siku ile ulinifungia mlango," alisema. "Leo funga tena, mtu asiingie."

Ngendo akazungusha ufunguo.

Wachuka alikuwa ameketi, akiyumba polepole, macho kwenye shuka.

"Huwa anakula nini?" aliuliza.

"Mchuzi ya nyama."

"Eh," alisema mama yake Kihara. "Hiyo aliipenda tangu akiwa mdogo."